Maji ya Kipaimara

Ijumaa ile tanki la uani lilijaa mpaka juu, jambo ambalo kwetu Chanika, mjini Handeni, halitokei kila wiki. Maji yetu ya bomba yanasukumwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na mitambo ikisimama kule, huku watu wanarudi kwenye malambo na madumu yao. Mwaka 2022 ilipotiwa saini mikataba ya maji ya miji 28, Handeni ikiwamo, Mama aliisikia habari redioni, akaweka chini ungo wa mchele akapiga kigelegele. Anayeishi penye maji hawezi kukielewa kigelegele kile.

Jumapili mdogo wangu alikuwa apate kipaimara. Wageni walitarajiwa kutoka Korogwe na Muheza, na Shangazi alikwishafika na mchele wa pilau. Upande wa pili wa ua wa michongoma, jirani yetu alikuwa na hitma ya marehemu mumewe siku ya Jumamosi. Tunamwita Mama Mkubwa, ingawa hatuna udugu wa damu naye, na yeye ni wa msikitini, sisi wa kanisani. Uzigua hilo si jambo la kushangaza. Mara nyingi ukoo mmoja una watu wa huku na wa kule.

"Mwenye msiba kwanza," Mama aliamua. "Sisi tuna mpaka Jumapili." Kaka akapitisha mpira kwenye michongoma, akafungua koki ya tanki, maji yakaanza kwenda kwenye mapipa ya Mama Mkubwa. Shangazi alipoona mapipa ya jirani ni machache, akawapa vijana wa kule pipa letu la jikoni wakalibeba. Hakumwambia mtu. Alijifunza tangu utotoni kwamba sadaka haitangazwi.

Usiku Mama Mkubwa akatoka kutazama. Pipa la kwanza limejaa, la pili linakaribia. Akawafikiria wageni wetu wa Jumapili, roho ikamsuta. Koki ilikuwa kwetu na geti limefungwa, na kutuamsha hakutaka. Basi akauvuta mpira, akaurudisha kupitia michongoma, akauelekeza palepale alipozoea kuliona pipa letu, ndani ya banda la jikoni. Giza lilikuwa nene. Pipa lenyewe lilikuwa uani kwake, vijana walikwishalipanga pamoja na mengine.

Maji yakamwagika mpaka tanki likakauka.

Alfajiri tulikuta kuni zinaelea. Gunia la sembe lilikuwa limenyonya maji nusu yake ya chini, na unga ukawa mgumu kama udongo wa kukandika. Kikapu chenye gauni jeupe la kipaimara, ambacho Shangazi alikiweka karibu na jiko ili asubuhi apate makaa ya pasi upesi, kilikuwa kimekaa kwenye dimbwi la maji ya majivu. Mdogo wangu alilishika gauni kwa pindo, akaona rangi ya kijivu inapanda hadi kiunoni. Hakulia. Alimtazama Mama, na hilo lilituuma zaidi.

Mama akafunga kanga kwenda kumwomba Mama Mkubwa radhi, maana alidhani maji hayakumfikia. Wakakutana getini. Mama Mkubwa naye alikuwa amesikia kelele, anakuja kuomba radhi. "Kosa langu, mwenzangu." "Hapana, dada, ni langu mimi." Ndipo Mama Mkubwa akasema tuchukue mapipa yote yaliyojaa, yeye vijana wake wataenda lamboni. Mama akakataa katakata. Akakataa tena. Mama Mkubwa akanyamaza, kisha sauti ikamtetemeka: "Kwa hiyo mimi ni wa kupewa tu?"

Bibi aliyasikia hayo kutoka kibarazani. Alikulia karibu na Kwa Mkono, na katika usichana wake alifua mashuka ya hospitali ya misheni kule, pamoja na masista wa shirika lililoanzishwa mwaka 1911 na Askofu Frank Weston. Sisi Waanglikana wa Tanga tumelelewa na habari za Weston: jinsi mwaka 1916, akiwa askofu wa Zanzibar, alivyoongoza wapagazi wa Unguja vitani, akitembea pamoja nao badala ya kukaa na wakubwa. Alifariki Hegongo mwaka 1924, na habari zake bado zinasimuliwa kwa watoto wa mafundisho. Ni habari njema, nami naipenda. Ila inafundisha nusu moja, na nyumba yetu iliishika nusu hiyo kwa nguvu zote.

Bibi akamwita Mama kwa jina lake la utotoni. Akamwambia kwamba Kwa Mkono alimwona sista mmoja aliyewaogesha wagonjwa miaka mingi, naye alipougua aliwaacha wasichana wa dobi wamwogeshe, akawashukuru bila kujitetea. "Petro alikataa kuoshwa miguu, akaonywa," Bibi akasema. "Kumtanguliza mwenzio ni pamoja na kumpisha akutendee. Pokea maji, mwanangu."

Mama akapokea. Nilimwona akiinamisha kichwa, na naamini ilimgharimu zaidi kuliko kutoa tanki zima.

Mapipa yakagawanywa. Mafiga yakawekwa uani kwa Mama Mkubwa kwa sababu ndiko kulikokuwa na kuni kavu, na Shangazi akapika pilau ya hitma kwa mchele wetu, maana wageni wa Jumamosi walizidi. Boda zikaleta madumu kutoka lamboni. Binti wa Mama Mkubwa akalichukua gauni, akalifikicha kwa sabuni ya mche na ndimu, akalianika juani, akalifikicha tena. Doa dogo lilibaki kwenye pindo. Jumapili askofu alimwekea mdogo wangu mikono, na Mama Mkubwa alikuwa nyumbani kwetu akiwapokea wageni wa Korogwe kama mwenyeji, Mama amekaa mkekani, anamiminiwa chai.

Jumatatu Baba alinunua koki nyingine akaifunga kwenye mpira upande wa Mama Mkubwa, na Mama akamwomba asione haya kugonga dirisha, hata usiku wa manane.