Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Usalama wa Majini

Waheshimiwa,

Sisi wasafiri wa Ziwa Victoria tumeona tuwapongeze mapema, maana pongezi zikichelewa huchanganyika na matanga.

Hongereni kwa kanuni. Zina mihuri, na kila chombo kina kibali kinachosema kibebe watu wangapi. Cha MV Nyerere kilisema 101. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko hicho kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Waliopanda walikuwa wangapi? Hakuna aliyejua. Mkata tiketi alizama, na mashine yenye kumbukumbu ikazama naye. Wateja wachache duniani wametunziwa siri zao hivyo. Ikabidi tungoje ziwa litoe hesabu: maiti 228, waliopona 41. Jumlisheni wenyewe.

Msidhani ulikuwa ugeni. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Bila shaka mliamini mtu wa nauli ndogo haendi chini.

Majaketi okozi nayo yapo, tusiwasingizie. Yamefungwa juu kwa kamba nzuri yasiibwe, na mafundo yake yanahitaji kisu na utulivu wa moyo. Kwenye boti za mbao, mkaguzi akionekana mwaloni tunavalishwa upesi. Akigeuza kisogo tunavuliwa yasichakae. Kisha nahodha anaongeza magunia ya dagaa, pikipiki moja, na mama mwenye kuku, na mawimbi yakichachamaa anatushauri tukae katikati. Yeye mwenyewe analijua ziwa tangu utotoni. Waliozama nao walilijua.

Baada ya kila msiba mnaunda tume, mnasimamisha watu kazi na mnakagua vyombo mpaka makuli wanachukia. Tunausubiri msimu huo kwa hamu, ndiyo maana tunauliza: ratiba yake ikoje? Tungependa tusafiri wakati huo tu.

Tuna ombi moja, halihitaji mfadhili. Kabla chombo hakijang'oa nanga, mtu aandike majina yetu kwa kalamu ya wino, la daraja la tatu kama la kwanza, na karatasi ile ibaki gatini. Ikienda na sisi, haina kazi.

Wenu,
Abiria asiye kwenye orodha