Namna ya Kutunza Jahazi Bila Kuchafua Kanzu

Kwanza, subiri. Mabaharia wakifua maji asubuhi na jioni, jahazi bado lina afya. Wakianza kufua usiku wa manane, hapo agiza chai ulifikirie jambo hilo.

Chombo hupwelezwa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapojaa sana na kutoka mbali. Wewe chagua maji mafu: fundi atafanya kazi akiwa amezama hadi kiunoni, nawe utamkata ujira kwa sababu ameoga bure. Gadi zikae pande zote mbili. Kuegemeza upande mmoja tu kunaokoa miti, ila aliyekaa upande wa pili huwa na neno lake.

Kisha makuti makavu huwashwa na moto kupitishwa chini ya mbao, taratibu, kuunguza mwani na kumuua mdudu aliyejichimbia humo. Huyo ni mwerevu kuliko mpangaji yeyote: huingia kwa tundu la ncha ya sindano, ndani akajijengea ukumbi wa kupita kidole. Nje ubao unang'aa. Kwa hiyo mfukuze fundi yeyote anayegongagonga kwa nyundo akisikiliza. Anatafuta kazi, na ataipata.

Kalafati ni pamba iliyolowa mafuta, ikashindiliwa mwanyani kwa chembeu, uzi juu ya uzi, kutwa nzima. Pamba ina gharama. Wapo waliojaza sponji la godoro kuukuu, na vyombo vyao vipo hadi leo, maji yakitoka unaviona.

Chini ya maji hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu, sifa, mafuta ya ini la papa. Harufu yake haihitaji maelezo, wala haiishii bandarini. Usisimamie kazi hii siku ya harusi, hata kama bibi harusi si wako.

Sitaha imwagiwe maji ya bahari kila asubuhi, ili jua lisifumue mbao. Maji ya mvua ndiyo huozesha, lakini ni ya bure, basi yaache yatuame.

Nahodha akisema chombo kiko tayari, mwambie afunge safari ya kwanza kwenda Pate pamoja na mama watoto. Akikujibu kwamba mama watoto ana mafua, rudisha gadi.