Geji Inasema Mia Tisa

Katika vikorokoro vyote vinavyofungwa kwenye gari lililoongezwa nguvu, hakuna kinachoheshimiwa bure kama geji ya joto la ekzosi. Mshale ukikaribia digrii 900, dereva hukaza taya na abiria hukatazwa kuongea. Hakuna anayeuliza ni 900 ya nini. Geji hiyo haijawahi kukutana na moshi; inachosoma ni joto la ncha ya sensa, kijiti cha chuma kinene kwa milimita 3 au 6, na kijiti kina matatizo yake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hutema moshi mara 50 kwa sekunde, na kati ya pumzi moja na nyingine panapoa. Ncha haiwezi kufuata mbio hizo, kwa hiyo hutoa wastani. Wakati huohuo inagawa joto lake kwa kuta za bomba zilizo baridi kuliko yenyewe, ndiyo maana mara nyingi husoma chini ya joto la moshi wenyewe. Sensa nyembamba huwahi kutoa habari lakini hufa mapema. Nene huishi miaka, ila habari zake hufika dereva akiwa ameshabadili gia.

Kisha kuna suala la mahali. Sensa iliyofungwa baada ya turbo, injini ikibebeshwa mzigo, inaweza kusoma digrii 100 hadi 200 pungufu kuliko iliyofungwa kabla yake, kwa sababu turbo imeshakula sehemu ya joto hilo. Hapo ndipo marafiki wawili wenye magari ya aina moja hugombana, mmoja akijisifu kwamba lake "halipati moto", kumbe anapima joto la ugali kwa kushika mpini wa mwiko. Na waya? Sensa hizi, aina ya K, hutoa mikrovolti 41 hivi kwa kila digrii, na zinataka waya wa madini yaleyale mpaka kwenye geji. Fundi akiishiwa akaunga waya wa spika pale kwenye boneti penye digrii 80, huku geji iko ndani penye 30, digrii 50 zimepotea njiani na hakuna wa kuzishitaki.

Atatokea mtu aseme makosa hayo si kitu, mradi nambari iko chini gari ni salama. Huyo ndiye wa kuogopwa. Cheche ikiwahishwa kupita kiasi, petroli humaliza kuungua mapema, joto huishia kwenye pistoni na silinda hedi, na moshi hutoka umepoa. Geji inatabasamu, injini inagonga, na jioni wanasema imenoki ghafla. Silinda isiyochoma sawasawa nayo hushusha nambari. Petroli ikizidi, vivyo hivyo.

Basi tuing'oe? Wenye Subaru Impreza WRX za Marekani za mwaka 2002 wengi walifanya hivyo. Sensa ilikaa kwenye bomba kabla ya turbo, wakaogopa isije ikakatika ikamezwa, wakaiondoa na kuchomeka rezista ya omu 2,200. Tangu hapo kompyuta huambiwa usiku na mchana kwamba mambo ni shwari. Afadhali geji inayokosea, kwa sababu kosa lake halihamihami. Ikiwa kwenye mlima uleule, kwa gia ileile, ilikuwa ikisoma 820 na leo ni 880, kuna kitu kimebadilika: pampu ya petroli imechoka, au mpira wa hewa umepasuka. Wenye fedha hufunga sensa moja kwa kila silinda. Silinda ya tatu ikizidi wenzake kwa digrii 60, fundi huanza kuitukana nozeli yake. Lakini kwanza abadilishe nafasi sensa mbili. Digrii 60 zikihama pamoja na sensa, nozeli haina kosa, na bili ya kuisafisha irudi kwa fundi mwenyewe.