Kemikali Sita Zinazokutimua Mbio Kabla Fisi Hajakuona

Saa tatu usiku, njia ya Binza, baiskeli haina taa, na kichakani kuna kitu kinacheka. Ngosha, unajiita jasiri? Haya, tuhesabu tukirudi nyuma tuone ni nani hasa anayekanyaga hizo pedali.

6. Glutamati
Mpiga yowe wa ubongo. Sauti ikishaingia sikioni, yeye huikimbiza hadi kwenye amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi kilichojificha ndani, usawa wa masikio. Kuhakiki si kazi yake. Kama alikuwa mbuzi wa jirani, hilo mtajua mbele ya safari.

5. Noradrenalini
Inakutoa macho. Safi sana ukiwa lindoni. Balaa ukiwa kitandani unahesabu mabati.

4. Adrenalini
Inatoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Moyo unadunda, ini linamwaga sukari kwenye damu, tumbo linafunga shughuli na michembe ya jioni inakwama njiani. Jokichi Takamine, Mjapani aliyekuwa New York, aliitenga mwaka 1901 kutoka kwenye tezi za kondoo na ng'ombe. Bariadi wangemuuliza kwanza nyama ilikwenda wapi. Uzuri wake haikai: ndani ya dakika tatu hivi nusu yake imeshatoweka kwenye damu. Fisi akipita, nayo inapita.

3. Kotisoli
Kesi yenyewe iko hapa. Kotisoli hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya kishindo, wakati wewe uko nyumbani unasimulia habari za fisi anayezidi kunenepa kila unaporudia. Kazi yake ni kuhakikisha nguvu hazikuishii. Tatizo, haihitaji fisi. Inatosha kukaa mkisubiri bei ya pamba itangazwe, huku ada ya mtoto inadaiwa na mvua inazingua. Fisi mwenyewe hana habari na bei ya pamba. Amelala.

Mmarekani Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Masai Mara, upande wa pili wa nyika hiihii ya Serengeti tunayopakana nayo. Alikuwa akiwapuliza sindano ya usingizi kwa mrija, anawatoa damu, anapima. Wanyonge walikutwa na kotisoli juu hata siku ya amani, maana dume kubwa likigombana na mwenzake, hasira hulimalizia kwa mdogo. (Umewahi kuajiriwa? Basi sina haja ya kukufafanulia.) Katikati ya miaka ya 1980 madume wababe wa kundi mojawapo wakavamia jalala la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Kundi likapoa, wanyonge wakapumua. Sisemi bosi wako apelekwe jalalani.

2. Gaba
Breki. Diazepamu hufanya kazi kwa kuipa nguvu, na pombe vilevile, ndiyo maana baada ya gongo kidogo fisi anageuka shemeji. Alfajiri gaba imenywea, glutamati imerudi na ukoo wake wote, na wewe unaogopa hata simu yako ikiita.

1. Kaboni dioksidi
Ndiyo, hiyohiyo unayoitoa puani. Marekani yuko mwanamke anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye ugonjwa uliziharibu amigdala zake zote mbili. Alipelekwa kwenye duka la wanyama, akashika nyoka, akataka aguse na wakubwa zaidi. Bayeye, wacheza nyoka wetu wa Kisukuma, wangemsajili siku hiyohiyo. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 alivutishwa pumzi moja tu ya hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, akapagawa kwa hofu, anahangaika kuivua barakoa. Kumbe hofu ya kukosa pumzi ina mlango wake wa uani, haipitii kwa amigdala. Kwa hiyo ukimkuta mtu asiyeogopa chui, radi wala mama mkwe, mtanie kwa lolote ila usimzibe pua.