Sifa za Mgeni Aliyepiga Simu Akiwa Mbezi

Mgeni anayetoa taarifa wiki moja kabla ya kuja hana sifa yoyote, na sioni kwa nini watu wanamwita mstaarabu. Huyo anatupa muda wa kusema uongo. Tunaazima vikombe kwa jirani, tunaficha sufuria lililotoboka, tunawafundisha watoto kusema kwamba sisi kuku ni kawaida yetu. Akifika anakula, anasifu, anaaga. Alichokiona ni vyombo vya jirani.

Namsifu yule mwingine. Namsifu mjomba anayetoka Muleba bila kumwambia mtu, anayekaa ndani ya basi zaidi ya kilomita 1,300 akiwa na salio la kutosha kwenye simu, kisha anapiga akiwa ameshashuka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis na mizigo iko chini: "Mjomba, nipo hapa. Nimwambie bodaboda anilete wapi?" Huko si kuomba ruhusa. Hiyo ni taarifa ya utekelezaji.

Zamani wenyeji tulikuwa na kinga. Kulikuwa na zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu tangu miaka ya 1990, kwa hiyo msafiri wa Kagera alilala njiani na habari zake zikamtangulia: binamu amemwona Singida, shemeji amekunywa naye chai Dodoma. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa kutembea usiku. Tuliambiwa biashara itanufaika. Hakuna aliyetuambia kwamba mjomba naye atanufaika, kwamba sasa ataweza kugonga mlango Tabata saa kumi alfajiri, saa ambayo hata mke wangu, mwenye jibu la kila jambo, hana jibu zaidi ya "Shikamoo mjomba, karibu."

"Marahaba mwanangu. Nimewaamsha?"

Anauliza huku ameshakaa. Mkononi ana kahawa ya kutafuna, begani mkungu wa ndizi, na kama ni msimu kuna kopo la senene ambalo watoto hulimaliza kabla ya jua kuchomoza. Kwa hesabu zake mkungu ule umelipa malazi, chakula na maji ya kuoga kwa muda usiojulikana. Ndizi zenyewe huisha upesi. Watoto wanahamia sebuleni kwenye godoro la chini, wakifurahi kama wameshinda kitu, maana wanajua nyama itapikwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wangu ndio wenyeji wa methali hiyo.

Wapo watakaonikumbusha methali nyingine, ya mgeni siku mbili na jembe siku ya tatu. Nawaheshimu wahenga, ila hawakuwahi kupanga vyumba viwili na sebule mjini. Nimpe jembe alime wapi? Mbele ya mlango pana sementi, na nyuma pana ukuta ambao tuna kesi nao kwa mwenyekiti wa mtaa. Jembe pekee lililomo humu ndani ni lile lililochorwa pamoja na nyundo kwenye kofia ya kijani aliyokuja nayo mjomba mwenyewe. Aligawiwa kwenye kampeni. Ukimwuliza kama bado ni mwanachama, anajibu kwamba kofia inazuia jua.

Isitoshe, kumwondoa mtu huyu si kazi ya familia. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi, na vijana walioshindwa kuonyesha kwamba wana ajira walikamatwa mitaani Dar es Salaam, wakaitwa wazururaji, wakarudishwa vijijini wakalime. Mjomba alikuwa mmoja wao. Alikuja kumtembelea kaka yake, bila taarifa kama kawaida, na enzi zile ugeni ulikuwa na utaratibu: mgeni akilala kwako, unampeleka kwa balozi wa nyumba kumi ajulikane. Kaka mtu alichelewa. Mjomba akapakiwa kwenye lori, na anaapa kwamba alirudi mjini kabla ya lile lori. Huwa anasimulia kwa vicheko. Shangazi yangu, ambaye mumewe alipakiwa pia na kuacha kibanda chake cha biashara wazi, hacheki hata kidogo. Lakini mtu aliyewahi kuondolewa mjini na serikali nzima, yenye polisi na malori, kisha akarudi, hatishwi na mke wa mpwa wake anayeuliza kwa upole kama huko Muleba mvua zimeshaanza.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni ukaguzi. Nchi hii ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, na Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka akague hesabu angalau mara moja kila mwaka na kumpa Rais taarifa, ambayo baadaye hufika bungeni. Kila Aprili tunaisoma, tunashika vichwa, tunahesabu mabilioni yaliyopotea na kuulizana kama hawa watu wana aibu. Sasa nani anamkagua baba mwenye nyumba? Halmashauri hupata hati yenye mashaka. Mimi miaka yote nimeishi na hati safi niliyojiandikia mwenyewe.

Mjomba anakagua bila kuteuliwa. Anafungua friji na kusimama mbele yake mpaka inaanza kulia. Anauliza nyanya zimenunuliwa bei gani, anaguna. Anataka kujua king'amuzi kinalipiwa shilingi ngapi kwa mwezi na ni nani hasa anayekiangalia. Anauliza ule mfuko wa saruji ulioganda nyuma ya choo ni wa mradi gani, ulianza lini, msimamizi nani. Anauliza mbele ya watoto. Mfuko ule ulikuwa wa kibaraza. Fedha zilishatengwa, upembuzi unaendelea, na zaidi ya hapo nisingependa kuongeza.

Kisha akatoa taarifa yake: nyumba hii inachemsha maharage kwa gesi, na huo ni udhaifu wa usimamizi. Udhaifu ni neno zito. Mwaka 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alilitumia neno hilo hilo kulihusu Bunge. Kwetu azimio lilipita haraka zaidi. Mke wangu, ambaye mtungi wa gesi anaununua kwa mshahara wake, alitangaza kwamba kuanzia mlo wa mchana hafanyi kazi na mjomba. Tofauti ni moja tu: Profesa Assad aliondoka ofisini mwaka ule ule, mjomba bado yuko kwenye kochi.

Na msidhani ukaguzi wake hauleti kitu. Siku moja alinitazama nikinunua umeme kwa simu, akaomba ile simu, akavaa miwani, akausoma ujumbe wa LUKU wote. Sijui Mtanzania mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Sisi tunanakili zile tarakimu 20, tunaziingiza kwenye mita, tunafuta. Kumbe tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza, baadaye 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji.

"Sasa jengo ni la nani?" akauliza.

Akavaa kofia yake, akaenda kwa mwenye nyumba wangu, mtu ambaye mimi huzungumza naye nikiwa nimesimama. Wakakaa wakazungumza bei ya kahawa mpaka adhuhuri. Kodi ya chumba iliyofuata ilikatwa kiasi hicho, na mwenye nyumba akatuma salamu kwa "yule mzee wenu". Fedha yenyewe haifiki bei ya kilo ya sukari. Ila ndiyo fedha pekee niliyowahi kuona ikirudi mfukoni kwa sababu mtu amesoma ujumbe mpaka mwisho, wakati mimi niliyesoma chuo nilikuwa nimeshaufuta.

Kabla hajaja, nyumba yetu ilikuwa ya chama kimoja, na ulikuwepo utulivu mkubwa. Saa mbili usiku taarifa ya habari, rimoti mkononi mwangu, uchambuzi wangu, makofi ya watoto. Mjomba akaleta hoja kwamba watoto nao waulizwe wanataka kuangalia nini. Nikasema tupige kura, kwa kuwa wapiga kura wangu nawajua na ada zao nalipa mimi. Nikashinda kwa kishindo. Aliyenipinga ni kitinda mimba peke yake. Ndipo mjomba akanitolea Tume ya Nyalali. Mwaka 1991, akasema, Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Takribani asilimia 80 walisema kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vingi, ili wale wachache nao wapate pa kusemea, na mwaka 1992 vikaruhusiwa.

"Kwa hiyo," akamalizia huku amenyoosha mkono, "mpe mtoto rimoti."

Unambishia vipi mtu wa namna hiyo? Siku hizi saa mbili usiku tunaangalia katuni ya paka. Habari za Bunge nasimuliwa na kondakta wa daladala, na kwa kweli anasimulia vizuri zaidi.

Ushindi ule ukamfungulia hamu ya makubwa. Mwishoni mwa 2013 Jaji Joseph Warioba na tume yake waliwasilisha rasimu ya pili ya Katiba, iliyopendekeza muungano wa serikali tatu, na mjomba ni muumini wa tatu mpaka leo. Akapendekeza nyumba nayo iwe nazo: serikali ya jiko, serikali ya sebule, na ya muungano itakayoshughulikia umeme, maji na ada za shule. Kila moja na bajeti yake. Nikamwuliza fedha za ile ya tatu zitatoka wapi, akasema swali hilo hilo liliulizwa Dodoma. Tukaketi kikao. Na kama ilivyokuwa kwenye Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, upande mmoja ukasusia: kule UKAWA, umoja wa wapinzani, walitoka ukumbini, kwetu mke wangu alichukua watoto wote akaenda kwa dada yake Kigamboni, Ijumaa mpaka Jumapili. Tuliobaki wawili tukaendelea kujadili vifungu, na kwa mara ya kwanza tangu afike, mjomba alichemsha maharage. Kwa gesi.

Wajumbe wa lile Bunge walilipwa shilingi 300,000 kwa siku, na wapo waliolalamika kwamba hazitoshi. Mjomba hajafika huko. Yeye anachodai ni nauli.

Nauli ya kurudi ni haki ya mgeni, haina mjadala. Mwenyeji asiyeitoa husimuliwa kijijini hata akishakufa. Zamani mtu alikupigia simu, ukamtumia kidogo, mambo yakaisha yeye akiwa kwake na wewe kwako. Lakini Julai 2021 zilipokuja tozo za miamala, mjomba alikaa chini akapiga hesabu ya makato ya kutuma, makato ya kutoa na makato ya serikali, akaamua ni heri aje kuchukua mwenyewe, mkononi. Septemba ya mwaka ule ule serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Mjomba hakupunguza safari, alikuwa ameshazoea. Niliwahi kumwandikia kwenye karatasi kwamba nauli ya kuja Dar es Salaam, ukiongeza na chakula anachokula akiisubiri ile ya kurudi, inazidi tozo zote ambazo angekatwa maishani. Aliisoma karatasi kwa makini, kama alivyousoma ujumbe wa umeme, akairudisha.

"Tozo inakwenda serikalini," akasema. "Hii inabaki kwenye ukoo."

Sijapata jibu, na nimelitafuta.

Nauli nimeshampa. Alisema ataondoka baada ya Pasaka; ikasogezwa kwa sababu ya harusi ya mtoto wa rafiki yake wa Gongo la Mboto, ikasogezwa tena kwa sababu ya miwani inayotengenezwa. Mke wangu alipomwuliza tarehe kamili, alimjibu kwamba kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa nayo ilikuwa na tarehe kamili, 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo haijapigwa, na nchi ipo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzee wa namna hii, tena wa msimamo tofauti na wa huyu, usimfiche. Mlete Tabata jioni yoyote, hata bila kupiga simu. Mjomba wetu anahitaji upinzani wa kweli, na mimi nahitaji nusu saa na ile rimoti.