Mama Mkwe na Bawaba Tatu

Nyumbani kwetu Tabata, gari linalala nje. Gereji ilijengwa kwa ajili yake, mlango mpana, sakafu ya saruji, hata shimo la kumwagia mafuta machafu lipo. Lakini humo ndani wanalala jiriwa, grenda, misumeno ya kila umbo, na makopo ya misumari iliyopinda ambayo mume wangu, Baba Rehema, anakusudia kuinyoosha siku moja. Mimi asubuhi kazi yangu ni kufuta kinyesi cha kunguru kwenye kioo kabla ya kwenda kazini.

Ukimwuliza kati ya vyote hivyo kipi chenye thamani kuliko vingine, jibu linategemea alichonunua mwisho. Mwaka jana ilikuwa grenda, ile ndogo ya inchi nne na nusu, na tulielezwa mezani mara nyingi kwamba diski yake huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Mwaka huu ni drili ya betri. Imeandikwa volti 20, na alilipa zaidi kuikwepa ya volti 18 iliyokuwa kando yake dukani. Kijana wetu, anayesomea umeme, alijaribu kumweleza kwamba betri zote mbili zina seli 5 za namna moja: zikijaa kabisa kila seli hutoa volti 4 hivi, zikishaanza kazi hushuka hadi 3.6, basi mmoja amehesabu juu na mwingine amehesabu chini. Baba Rehema akamjibu kwamba 20 ni 20, na kwamba ada ya chuo inalipwa na nani?

Ukutani umetundikwa urithi. Marehemu baba yake alifanya kazi reli, Tanga, tangu enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, na alimwachia mwanawe spana nzito za Whitworth, kipimo kilichoanzishwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana hizi zina kiburi chake. Namba iliyochongwa juu yake ni ya unene wa bolti, si upana wa kichwa cha bolti, hivyo ile iliyoandikwa nusu inchi mdomo wake unakaribia inchi nzima. Haziingii popote kwenye gari letu la Kijapani, linalotaka namba 10, 12 na 14 tu. Namba 10 yenyewe haijawahi kuonekana kwangu. Iko kwa jirani, na jirani anasema iko kwetu.

Katika urithi huo ilikuwamo pia patasi, mpini wa mti mgumu uliong'aa kwa jasho la kiganja. Hiyo haikutundikwa. Hiyo ilikaa karibu na makopo ya rangi, na kwa jinsi geti letu lilivyopakwa kijani kabla ya Idi, mtu mwenye macho angeweza kujua inafanya kazi gani.

Basi mama mkwe akaja kutoka Tanga, na begi la muhogo mkavu na malalamiko ya basi. Siku ya pili, baada ya magharibi, akaingia bafuni kuoga.

Kitasa cha bafu kilikuwa kimekwishatengenezwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa: kimetengenezwa, gundi ya supagluu imeshika, usikiguse. Mama alipomaliza akazungusha mkono wa kitasa, nao ukazunguka kama feni, na mlango haukutikisika. Akagonga mara moja, kwa adabu. Kisha akagonga kwa kiganja.

"Mama, tulia hapo hapo!" Baba Rehema akapaza sauti. Mtu aliyefungiwa bafuni atakwenda wapi?

Akaleta drili. Ikanguruma mara moja, ikakohoa, ikanyamaza. Betri ilikuwa imeshinda mchana kutwa ikitoboa mbao za banda la kuku. Akaipeleka kwenye chaji, na kabla taa yake haijawaka vizuri umeme ukakatika mtaa mzima. Grenda nayo ikawa chuma cha kawaida. Tukabaki na tochi ya simu, watu wazima wawili na watoto watatu kwenye korido, kila mmoja ana maoni.

Akafungua skrubu za mkono wa nje, kwa bisibisi, akauvuta. Kile kipande cha chuma cha pembe nne kinachopita katikati ya kitasa kikateleza upande wa pili, nikakisikia kikidondoka kwenye vigae. Sasa hapakuwa hata na kitu cha kushika, na kipande cha ndani kinachovuta ulimi wa kitasa kilikuwa kimepasuka zamani, chini ya ile supagluu.

"Nitavunja mlango," akatangaza.

"Hutavunja," sauti ikatoka ndani. "Nani atanunua mwingine? Mlango unafunguka upande gani?"

Kimya.

"Unafunguka ndani, mama," nikajibu mimi.

"Basi bawaba ziko kwangu. Niliishi na baba yenu miaka mingi, nadhani nimeona bawaba. Pitisheni vitu dirishani."

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akitazama ukuta wake wote wa vyuma akiwa hajui achukue nini. Mlango unaofunguka ndani huweka vifundo vya bawaba upande wa ndani. Nje unaona ubao tu na fremu, na hata ungekuwa na karakana nzima ya reli huna pa kuanzia. Dirisha la bafu ni la vioo vya luva, nondo nyuma yake. Tukachomoa vioo viwili. Mume wangu akapanda juu ya ndoo akaanza kupitisha: plaizi, nyundo ya nusu kilo, tupa, futikamba, na sijui kwa nini, pima maji.

"Hii ya nini?" Pima maji ikarudi kupitia dirisha hilo hilo.

Alichotaka mama ni bisibisi bapa, nyundo ndogo, kisu cha jikoni na mafuta ya nazi. Mafuta yalitoka kwenye meza yangu ya kujipambia. Kisu alikipitisha kuzunguka kichwa cha kila pini, kwa maana fundi aliyepaka rangi mlango ule alipaka na bawaba zake, na rangi iliyokauka inashika kuliko gundi. Akadondosha mafuta, akasubiri, akamwambia mwanawe anyamaze, akaanza kugonga bisibisi chini ya pini kuelekea juu. Alianza na bawaba ya chini, akafuata ya kati, ya juu akaiacha mwisho. Ukitangulia na ya juu mlango unakulalia. Haya yote tulisimuliwa kupitia ubao, kwa mpangilio, na mtu aliyejifunga khanga.

Baba Rehema hakuweza kukaa bila mchango. Mama alipoomba kitu chembamba cha kupenya kati ya mlango na fremu upande wa bawaba, akakimbia gereji, akarudi, akapitisha dirishani kitu cha kwanza alichokipapasa gizani.

Kugonga kukasimama. Tukasikia maji yakidondoka kutoka kwenye bomba la mvua.

"Hii ni patasi ya baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Mdomo wake umefanywa nini?"

Pini ya mwisho ikatoka bila patasi. Aliubandua mlango kwa kile kisu, akausukuma pembeni, akatoka. Hakusalimia mtu. Alipita korido na patasi mkononi hadi gereji, akaagiza jiwe la kunolea na maji, akaketi kwenye kigoda cha fundi mwenye nyumba. Baba Rehema alimshikia tochi. Rangi ya kijani ikaanza kubanduka kidogo kidogo, kisha akainua uso.

"Nani amefungulia kopo la rangi kwa hii?"

Mume wangu, baba wa wanangu, mmiliki wa volti 20, akanitaja mimi.