Spishi za Mifumo Endeshi Kutoka Kasumulu Hadi Matema: Uainishaji wa Awali

Samaki wa Ziwa Nyasa wameshapata wataalamu wao. Kompyuta za mwambao wake wa kaskazini bado. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Eneo la uchunguzi linaanzia mpakani Kasumulu, linapita Kyela mjini na Ipinda, na linakomea Matema, pale Milima ya Livingstone inapoingia majini.

Spishi inayotawala ni Windo ya Kupigwa, yaani Windows iliyosakinishwa na fundi bila leseni. Makazi yake ni stesheni, panapotolewa kopi, panapochapwa barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi, na panapoingizwa nyimbo kwenye memori kadi. Hutambulika kwa maandishi hafifu kwenye kona ya chini ya kioo, yanayomsihi mwenye mashine aihalalishe. Huzaliana kwa flashi. Haili bando, maana fundi huzima masasisho siku ileile anapoipiga. Ndiyo maana Windo Saba, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, inaweza kuendelea kuchapa barua bila kupata habari za msiba wake.

Windo Halali nayo ipo, ila umri wake mfupi. Huja ndani ya kompyuta mpakato mpya, na leseni yake aghalabu imehifadhiwa kwenye bodi ya mashine. Ikistaki mara moja tu, hupelekwa kwa fundi, naye huifuta na kupiga ya kwake. Mteja alilipia leseni dukani, sasa analipa tena ili iondolewe. Sayansi haijaipa jina tabia hii.

Hapa nadharia inahitajika. Vuguvugu la programu huru, lililoanza na mradi wa GNU wa Richard Stallman mwaka 1983, huhesabu uhuru wa aina nne kuanzia sifuri: namba 0, kuendesha programu kwa kusudi lolote, namba 1, kuichunguza na kuibadili, namba 2, kugawa nakala, namba 3, kugawa ulichokibadili. Fundi wetu, pasipo kusoma waraka wowote, hutekeleza namba 0 na namba 2 kila siku, tena kwa programu ambayo mwenyewe hakutoa ruhusa. Namba 1 na namba 3 hazimo kwenye flashi, kwa kuwa msimbo amebaki nao mwenye mali. Kwa hiyo fundi huyu hufufua mashine na kuzifufua tena, lakini kasoro ya programu yenyewe hawezi kuigusa hata mstari mmoja. Ana nusu ya uhuru, na kwa maoni yangu nusu hiyo ndiyo inayoiua Linux, mfumo endeshi ulio huru, kwani Linux hufika ikijisifu kwamba hailipiwi mahali ambapo hakuna anayelipa. Fundi hutoza jasho lake tu, mfumo uwe wowote.

Linux yenyewe, tangu Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991, imetawanyika kama mbuna, samaki wa miambani wa ziwa hili: Debian, Ubuntu, Mint, Fedora, asili moja na kila mwamba na rangi yake. Tatizo ni kwamba mbuna hutaka miamba, na ukiondoa upande wa Matema, ufuko wa Kyela ni mchanga na tope la Songwe, Kiwira na Mbaka. Mfano hai huletwa na mwanafunzi wa likizo, nao hufa siku mteja anapokuja na faili la Publisher. Kuna pia kisukuku: Jambo OpenOffice, programu huru za ofisi kwa Kiswahili, zilizotolewa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi, IT+46. Lugha ilikuwepo, leseni ilikuwepo. Nadhani kilichokosekana ni nafasi kwenye flashi ya fundi.

Mseto tuupite haraka: Android, yenye kiini cha Linux na baadhi ya ghorofa za juu zilizofungwa, imo mfukoni mwa mkulima wa kakao ambaye hajawahi kuombwa achague.

Imebaki Windo Kumi, iliyokatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake anadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine nyingi kuukuu hazina, na watabiri wakasema sasa ndiyo zamu ya Linux. Watabiri hao hawajakaa stesheni. Mbinu ya kuruka sharti hilo ilikuwa imeshaenea mtandaoni mapema, na fundi hukunja meza yake jioni akiwa na flashi yake mfukoni, pamoja na muvi za wiki.